Harufu ya Mayai ya Mbu kama Nyenzo ya Ufuatiliaji wa Ugonjwa wa Matende na Mabusha: Ufafanuzi wa Mtego wa Mbu Mtagaji

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna harufu itokayo kwenye mayai ya mbu aina ya Culex quinquefasciatus inavyotumika kuwanasa mbu hao na kufuatilia vimelea vya ugonjwa wa matende na mabusha, hususani katika pwani ya Afrika Mashariki. Yanaanza kwa kueleza kwa nini ugonjwa huu unahitaji ufuatiliaji hata baada ya miaka mingi ya ugawaji wa kingatiba, kisha yanaeleza asili ya harufu yenyewe, majaribio yaliyofanyika Kenya na Tanzania, na namna mtego unavyofanya kazi. Hoja kuu ni kwamba thamani ya mtego huu haimo katika wingi wa mbu unaowanasa, bali katika aina ya mbu unaowachagua, yaani wale ambao wamekwisha kunywa damu. Kwa sababu hiyo, takwimu za mtego huu zinafaa kukadiria kiwango cha mbu wenye vimelea, lakini hazifai, zikitumika peke yake, kukadiria idadi ya mbu waliomo katika eneo.

1.0 Utangulizi

Matende na mabusha ni sura mbili za ugonjwa mmoja. Katika Afrika Mashariki, ugonjwa huu husababishwa na mnyoo uitwao Wuchereria bancrofti, ambao ukiwa mpevu huishi katika mishipa ya limfu ya binadamu. Mnyoo jike huzaa vijinyoo vidogo mno ambavyo huingia katika damu, na mbu ndiye anayevihamisha kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Patrick Manson alionesha mwaka 1877, akiwa Amoy nchini China, kwamba vijinyoo hivyo hukua ndani ya mwili wa mbu. Ugunduzi huo ulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuthibitisha kwamba mdudu anaweza kuwa sehemu ya lazima ya maisha ya kimelea cha binadamu.

Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kimataifa wa kutokomeza ugonjwa huu mwaka 2000. Tanzania Bara ilianza ugawaji wa kingatiba katika kisiwa cha Mafia mwaka huohuo, na Zanzibar ikafuata mwaka 2001. Dawa zilizogawiwa zilikuwa ivermectin na albendazole, mara moja kwa mwaka, kwa watu wote wanaostahili kumeza dawa katika jamii husika. Dawa hizi hupunguza sana vijinyoo katika damu, lakini haziui kwa hakika minyoo mipevu yote, nayo huishi kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo ugawaji hurudiwa mwaka hadi mwaka.

Swali gumu huja mwishoni. Baada ya kugawa dawa kwa miaka mingi, ni wakati gani inawezekana kusema kwamba maambukizi yamekoma? Anayeacha mapema mno huuachia ugonjwa nafasi ya kurudi, na anayechelewa kuacha huendelea kutumia fedha, dawa na imani ya wananchi pasipo haja. Makala haya yanahusu nyenzo mojawapo ya kulijibu swali hilo, nayo inatokana na mbu mwenyewe.

2.0 Kwa Nini Tumchunguze Mbu

Njia ya kawaida ya kupima maambukizi ni kuwapima watu. Kipimo cha zamani ni kutazama damu kwa hadubini. Hata hivyo, katika eneo letu vijinyoo vya Wuchereria bancrofti hujitokeza kwa wingi katika damu ya pembeni nyakati za usiku, hivyo mtafiti hulazimika kuwaamsha watu au kuwakusanya usiku wa manane. Kipimo cha siku hizi huchunguza antijeni ya mnyoo mpevu na kinaweza kufanyika mchana. Katika tathmini rasmi ya maambukizi, wanaopimwa zaidi ni watoto wa miaka 6 hadi 7, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa baada ya ugawaji kuanza hapaswi kuwa na maambukizi ikiwa kweli yamekoma.

Njia hizi zina mantiki yake, lakini kuna kundi ambalo huweza kuziponyoka: watu wazima ambao hawakumeza dawa mwaka hata mmoja. Huenda walikuwa safarini au baharini wakivua, au walikataa tu. Kumpima mtoto wa darasa la kwanza hakutufikishi kwa watu hao moja kwa moja. Mbu kwa upande wake hafuati orodha ya waliosajiliwa. Hunywa damu ya mtoto na ya mzee, ya aliyemeza dawa na ya aliyeikwepa. Ukimchunguza mbu aliyekwisha kunywa damu na ukakuta chembe urithi za kimelea, umepata habari za watu waliolala katika nyumba za jirani bila kumchoma yeyote kidole.

Utaratibu huu wa kutafuta kimelea ndani ya mdudu badala ya ndani ya binadamu hufanywa kwa kuwakusanya mbu katika mafungu, tuseme mbu 20 kwa kila fungu, kisha kuyapima mafungu hayo maabara kwa mbinu ya kuzidisha chembe urithi. Fungu moja likionesha kimelea, maana yake ni kwamba angalau mbu mmoja kati ya wale 20 alikuwa nacho.

Ugumu ni kwamba utaratibu huu unahitaji mbu wengi, na unahitaji mbu wanaofaa. Mtego wa taa, ambao kwa kawaida hutundikwa karibu na kitanda chenye chandarua, huwanasa zaidi mbu wanaotafuta damu. Miongoni mwao wamo mbu wachanga ambao hawajawahi kumuuma mtu yeyote. Mbu wa namna hiyo hana kimelea cha matende, hata kama kijiji kizima kina maambukizi. Kumpima ni kupoteza dawa za maabara.

Anayehitajika ni mbu jike aliyekwisha kunywa damu, akaisaga, na sasa amebeba mayai yaliyokomaa na anatafuta maji ya kutagia. Katika makala haya mbu huyu ataitwa mbu mtagaji. Mbu mtagaji hafuati harufu ya binadamu. Usiku huo anafuata harufu nyingine, na hapo ndipo harufu ya mayai inapoingia.

3.0 Harufu Itokayo Kwenye Yai

Culex quinquefasciatus ndiye mbu wa mijini na wa vyooni. Viluwiluwi vyake hustawi katika maji machafu yenye viozo: vyoo vya shimo vyenye maji, mashimo ya maji taka na mifereji iliyoziba. Tofauti na mbu wa malaria, ambaye hutaga yai mojamoja, Culex huyapanga mayai yake wimawima yakashikamana na kufanya kitu mfano wa kijahazi kinachoelea juu ya maji. Kijahazi kimoja huwa na mayai mia moja na zaidi.

Kwenye ncha ya juu ya kila yai hutokea tone dogo. Bruno na Laurence walionesha mwaka 1979 kwamba tone hilo huwavutia mbu wengine wa aina hiyo kuja kutaga mahali hapohapo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1982, Laurence na Pickett walibainisha kemikali iliyomo. Ni laktoni iitwayo 6-asetoksi-5-heksadekanolaidi. Molekuli yake inaweza kujengeka katika maumbo manne yanayotofautiana kwa mpangilio wa atomu katika nafasi, lakini ni umbo moja tu kati ya hayo manne ambalo mbu hulitambua. Uteuzi huu unaonesha kwamba kinachohisiwa ni ujumbe mahususi ambao vipapasio vya mbu vimeumbwa kuupokea.

Kemikali ambayo kiumbe huitoa na ikabadili mwenendo wa viumbe wengine wa aina yake huitwa feromoni. Feromoni nyingi za wadudu zinazofahamika zaidi ni za kujamiiana, ambapo jike humwita dume. Hii ni tofauti, kwa kuwa inatoka kwenye yai na inapokewa na jike mwingine. Ujumbe wake, ukifasiriwa kwa lugha ya binadamu, ni kwamba maji haya yamekwisha kukubaliwa na mwenzako.

Feromoni hii haifanyi kazi peke yake. Maji yenye viozo nayo hutoa harufu zinazotokana na bakteria wanaooza majani au kinyesi. Millar na wenzake, waliochunguza maji ya nyasi zilizovunda, walibainisha mwaka 1992 kemikali kadhaa zinazomvutia mbu mtagaji, ikiwamo skatoli, ambayo ni sehemu ya harufu ya kinyesi. Kwa mbu, skatoli ni dalili ya chakula, kwani mahali penye bakteria wengi viluwiluwi havitakosa cha kula. Hivyo basi mbu mtagaji hupokea taarifa mbili: harufu ya maji humweleza kuwa chakula kipo, na harufu ya mayai humweleza kuwa wenzake wamepapima na kuparidhia.

4.0 Kutoka Maabara hadi Muheza

Ugunduzi wa maabara hauwi nyenzo mpaka ujaribiwe mahali ambapo mbu ana uhuru wa kuchagua. Kwa feromoni hii, sehemu muhimu ya majaribio hayo ilifanyika Afrika Mashariki. Otieno na wenzake walichapisha mwaka 1988 matokeo ya jaribio la Kenya, ambamo feromoni iliyotengenezwa na binadamu ilitumika katika mazingira halisi dhidi ya mbu wa porini, nao wakaitikia.

Nchini Tanzania, majaribio ya kina yalifanyika Muheza, mkoani Tanga, na kuchapishwa na Mboera na wenzake. Watafiti hao walilinganisha feromoni pekee, maji ya nyasi zilizovunda, skatoli, na mchanganyiko wa vitu hivyo. Funzo kubwa lililotokana na kazi hiyo ni kwamba harufu ya mayai ikiunganishwa na harufu ya maji yenye viozo huvuta mbu watagaji vizuri kuliko harufu moja ikiwa peke yake. Jambo hili linaafikiana na yale yaliyoelezwa katika sehemu ya tatu.

Mwaka 2003 kundi hilohilo lilichapisha matokeo ya hatua nyingine, yaani kuiunganisha feromoni na pyriproxyfen, dawa inayozuia kiluwiluwi kukua hadi kuwa mbu kamili. Hapa mbu huvutwa atage mahali ambapo kizazi chake hakitafika popote. Matumizi hayo ni ya udhibiti na yako nje ya mawanda ya makala haya, lakini yanaonesha kwamba harufu moja inaweza kutumika kwa malengo mawili.

Swali la gharama pia lilishughulikiwa. Kutengeneza kemikali yenye umbo moja sahihi kati ya manne ni kazi ghali. Olagbemiro na wenzake walionesha mwaka 1999 kwamba feromoni inaweza kutengenezwa kutokana na mafuta ya mbegu za mmea uitwao Kochia scoparia. Kwa nchi zenye bajeti ndogo, chanzo cha aina hiyo ni jambo la kutiliwa maanani.

5.0 Namna Mtego Unavyofanya Kazi

Mtego wa mbu mtagaji unaojulikana zaidi ulibuniwa na Paul Reiter na kuelezwa mwaka 1983. Una beseni lenye maji yaliyovundikwa nyasi, na juu ya beseni kuna bomba lenye feni ndogo inayoendeshwa kwa betri. Feni huvuta hewa kwenda juu. Mbu anaposhuka kuyakaribia maji ili atage, mkondo wa hewa humchukua na kumwingiza katika mfuko wa wavu. Feromoni inapotumika, huwekwa juu ya maji hayo au karibu nayo ili harufu zote mbili zitoke mahali pamoja.

Mtego huwekwa jioni, kwa sababu Culex quinquefasciatus hutaga zaidi giza linapoingia, na mbu hukusanywa asubuhi. Hauhitaji mtu wa kulala kama chambo wala kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Unaweza kuwekwa uani, karibu na choo, baada ya kupata ridhaa ya mwenye nyumba.

Ili kuona faida yake katika ufuatiliaji, tuchukue mfano wa kukokotoa tu, usiotokana na utafiti wowote. Tuseme katika mtaa fulani, kati ya kila mbu 500 waliokwisha kunywa damu, mmoja ana chembe urithi za kimelea. Tuseme pia kwamba nusu ya mbu wanaonaswa na mtego wa taa hawajawahi kunywa damu. Mtego wa mbu watagaji ungetupatia wastani wa mbu mmoja mwenye kimelea katika kila 500, ilhali mtego wa taa ungetupatia mmoja katika kila 1,000. Sasa, ili mtafiti awe na uhakika wa asilimia 95 kwamba hatakikosa kimelea kilichopo, angehitaji mbu 1,500 hivi kwa mtego wa kwanza, na 3,000 hivi kwa mtego wa pili. Kwa mafungu ya mbu 20, hiyo ni tofauti kati ya vipimo 75 na vipimo 150.

Mfano huu unaonesha jambo la pili pia. Mtafiti akipima mbu watagaji 500 tu katika mtaa huo, kuna uwezekano wa takribani asilimia 37 kwamba hatapata hata fungu moja lenye kimelea. Akiandika katika ripoti yake kwamba ugonjwa umekwisha, atakuwa ameandika kosa ambalo litalipwa na watu wengine. Kadiri maambukizi yanavyopungua, ndivyo kila mbu anayepimwa bila sababu anavyozidi kuwa ghali.

6.0 Mipaka ya Takwimu za Mtego

Nyenzo nzuri ikisomwa vibaya hupotosha kuliko kutokuwa na nyenzo. Kuna mipaka minne ambayo mtumiaji wa takwimu hizi anapaswa kuizingatia.

Kwanza, mtego hushindana na vyoo. Katika mtaa wenye vyoo vingi vyenye maji na mashimo mengi ya maji taka, mbu ana mahali pengi pa kuchagua, na mtego unaweza kunasa wachache. Mvua ikikatika na mashimo yakikauka, mtego uleule unaweza kunasa mbu wengi zaidi, si kwa kuwa mbu wameongezeka bali kwa kuwa chaguo lao limepungua. Kwa hiyo idadi ya mbu mtegoni si kipimo cha idadi ya mbu mtaani. Kinachoweza kulinganishwa kwa uangalifu ni sehemu ya mbu wenye kimelea kati ya wote waliopimwa.

Pili, kupata chembe urithi za kimelea si sawa na kuthibitisha uambukizaji. Mbu mtagaji kwa kawaida alikunywa damu siku chache tu zilizopita. Kijinyoo alichokinywa kinahitaji takribani siku 10 hadi 14 kufikia hatua ya kuweza kumwambukiza mtu, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Matokeo chanya yanasema kwamba katika jamii bado wamo watu wenye vijinyoo katika damu. Hayasemi ni watu wangapi wataambukizwa.

Tatu, Culex quinquefasciatus hanywi damu ya binadamu pekee. Hunywa pia damu ya kuku na wanyama wengine. Si kila mbu mtagaji, basi, ni shahidi wa damu ya mtu. Pale inapowezekana, uchunguzi wa asili ya damu husaidia kufasiri matokeo.

Nne, harufu hii haiwaiti mbu wote waenezao matende. Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, Anopheles gambiae na Anopheles funestus nao hueneza ugonjwa huu. Mbu hao hawaitikii feromoni ya mayai ya Culex. Kwa Anopheles, watafiti waliofanya kazi nchini Kenya walitangaza mwaka 2015 kwamba kemikali iitwayo sedroli, iliyopatikana katika maji yaliyochanganywa na udongo, huwavutia majike watagaji. Mahali ambapo aina zote mbili zipo, mtego mmoja wenye harufu moja utatoa picha ya nusu. Matokeo hasi ya mtego wa Culex katika kijiji ambacho Anopheles ndiye mwenezaji mkuu hayathibitishi lolote.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mayai ya mbu yana harufu, harufu hiyo ni ujumbe, na ujumbe huo unaweza kuazimwa na binadamu ili kumpata mbu yule hasa ambaye mwili wake umebeba habari za afya ya jamii. Yameeleza pia kwamba ujumbe huo unawafikia mbu wa aina moja walio katika hali moja ya maisha, na kwamba uchaguzi huo ndio nguvu ya mtego na ndio mpaka wake.

Historia ya pwani yetu inatoa sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, vyoo vya shimo vilifunikwa kwa tabaka la punje za polistirini zinazoelea, sambamba na kuwapa watu dawa. Mbu wa Culex walipungua sana na maambukizi yakashuka yakabaki chini. Katika eneo la kulinganisha lililopewa dawa bila kushughulikia mbu, maambukizi yalianza kurudi polepole. Dawa ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni mbu.

Kwa msingi huo, inapendekezwa kwamba mamlaka za afya na watafiti wanaopanga kuthibitisha ukomo wa matende na mabusha katika miji ya pwani wajumuishe mitego ya mbu watagaji pamoja na vipimo vya watoto, si badala yake. Aidha, inapendekezwa kwamba kila ripoti itaje wazi ni mbu wangapi waliopimwa, wa aina gani na walio katika hali gani, kabla ya kutaja kwamba hakuna kimelea kilichoonekana. Neno "hakuna" lina uzito sawa na idadi na aina ya mbu waliochunguzwa kabla halijaandikwa.